Kuwaongoza Watoto wa Soweto West Katika Makumbusho ya Nairobi

Upande wa magharibi wa Kibera, mjini Nairobi, kuna kijiji kiitwacho Soweto West. Kutoka hapo hata Kilima cha Makumbusho, ambapo pamejengwa jumba kubwa la Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, si mwendo mrefu. Mtu mwenye miguu myepesi aweza kutoka kwake baada ya chai ya asubuhi akafika kabla jua halijawa kali. Kutoka Kawangware ni vivyo hivyo. Hata hivyo mtoto aweza kuzaliwa katika vijiji hivyo, akakua, akamaliza shule ya msingi, asipate kuingia katika jumba hilo hata mara moja. Na huyo abahatikaye kuingia huenda akatoka kama alivyoingia, isipokuwa miguu imechoka, na mama yake akimwuliza ameona nini, jibu lake huwa moja tu: "Tumeona ndovu."

Kwa kawaida lawama hutupwa kwa mtoto, ya kuwa hakutazama. Au kwa umaskini, ya kuwa nauli haikutosha. Umaskini una sehemu yake, na habari zake zitaelezwa hapa chini. Lakini sababu kubwa ni nyingine. Vitu vya makumbusho havisemi vyenyewe. Vyahitaji mtu wa kuvisemesha, na mtu huyo ni kiongozi wa masomo, yaani yule ofisa au mwalimu apokeaye darasa mlangoni na kulipitisha ndani. Kazi yake hujulikana na watu wachache, na hata baadhi ya walimu hudhani ya kuwa ni kazi ya kutembeza wageni tu.

Yafaa kwanza kujua jinsi jumba hilo lilivyoanza, maana mwanzo wake waonyesha kwa nini kiongozi ni wa lazima. Katika mwaka wa 1909 Wazungu waliopenda elimu ya wanyama, ndege na mimea waliunda chama chao cha Afrika ya Mashariki na Uganda, na mwaka uliofuata wakafungua mahali pa kuwekea vitu walivyokusanya, pale ambapo sasa pamesimama Nyayo House. Nafasi ikawa ndogo, wakahama katika mwaka wa 1922. Jumba la tatu, hili la kilimani, lilifunguliwa tarehe 22 Septemba, 1930, likaitwa Coryndon Museum kwa kumkumbuka Sir Robert Coryndon aliyekuwa Gavana wa Kenya. Baada ya Uhuru, katika mwaka wa 1964, likapewa jina la Makumbusho ya Taifa. Mwezi wa Oktoba, 2005, lilifungwa ili litengenezwe na kupanuliwa kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya, likafunguliwa tena mwezi wa Juni, 2008.

Basi msomaji ataona ya kuwa vitu vingi vya kale vya humo vilikusanywa na wajuzi kwa ajili ya wajuzi wenzao. Katika ukumbi wa ndege kuna mamia ya ndege waliokaushwa, kila mmoja amewekwa pamoja na jamaa zake. Mpango huo ni mzuri sana kwa mtu ajuaye anachotafuta. Mtoto wa miaka kumi hajui anatafuta nini. Akiachwa peke yake hapo hutazama ndege watano, hupita mbio hamsini, kisha huanza kusukumana na wenzake, na mwalimu huanza kukemea.

Wakati mahali pale pa kwanza palipofunguliwa, Kibera yenyewe ilikuwa msitu. Waliokaa humo walikuwa askari wa Kinubi, wenye asili ya Sudan, waliotumikia katika King's African Rifles, pamoja na jamaa zao. Na jina Kibra kwa lugha yao maana yake ni msitu. Haikuwa katika fikira za waanzilishi wa makumbusho ya kuwa siku moja wajukuu wa askari hao, pamoja na watoto wa Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii na Wakikuyu waliokuja kukaa nao, watapanga mstari mlangoni wakiwa na daftari mikononi. Jumba lilijengwa kwa ajili ya watu wengine. Sasa mlango u wazi kwa wote, lakini mtu aliyefunguliwa mlango wa nyumba asiyoizoea bado huhitaji mwenyeji wa kumkaribisha na kumwonyesha pa kukaa.

Kiongozi asiye mzoefu huanza kwa kusema. Husimama mbele ya kabati la kioo, akapaza sauti, akataja jina la kitu, na umri wake, na mahali kilipookotwa, na jina la aliyekiokota, kisha husema, "Twende." Watoto walio mbele wamesikia nusu, walio nyuma hawakusikia neno, na wote wameandika tarehe watakayoisahau kabla ya kupanda gari. Kiongozi mjuzi huanza kwa kuuliza, na swali lake la kwanza huwa juu ya jambo ambalo mtoto analijua tayari.

Mfano mzuri ni mifupa. Katika Kibera ziko karakana ambamo mafundi huchukua mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni na buchani, huichemsha ili itoke mafuta, huikata kwa msumeno, huisugua na kuing'arisha, na kuifanya shanga, vifungo, bangili na vipini. Kazi hiyo hununuliwa hata ng'ambo. Mtoto wa Soweto West aliyepita mbele ya karakana kama hiyo amesikia harufu ya mfupa ukikatwa, na ameona unga mweupe uliotapakaa mlangoni. Ajua ya kuwa mfupa wa mguu una uwazi ndani. Ajua ya kuwa mfupa mbichi ni mzito na mkavu ni mwepesi, na kwamba hauwi mweupe hata utiwe dawa. Mambo hayo hayamo katika kitabu chake cha shule, lakini ni elimu. Kiongozi akija na mfuko wa shanga za mfupa, akazigawa mikononi mwa watoto, akauliza, "Hiki ni nini, na kilikuwa sehemu gani ya ng'ombe?" itainuka mikono ambayo darasani haiinuki.

Hapo ndipo huwapeleka katika ukumbi wa asili ya binadamu, penye habari za yule aitwaye Mvulana wa Turkana. Mifupa yake ilionekana mwezi wa Agosti, 1984, mahali paitwapo Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana. Aliyeiona kwanza ni Kamoya Kimeu, Mkamba aliyekuwa mkuu wa kikosi cha watafutaji waliofanya kazi na Bwana Richard Leakey. Alichokiona siku ile hakikuwa mifupa ya mtu mzima mzima. Kilikuwa kipande kidogo cha fuvu la kichwa, cheusi, kimelala katikati ya changarawe nyeusi kama chenyewe, ambacho wengine wangalikikanyaga. Baadaye walichimba na kuchekecha udongo kwa misimu kadhaa, hata wakapata sehemu kubwa ya mifupa ya mvulana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita.

Sasa swali la kiongozi haliwi, "Mvulana huyu aliishi lini?" bali, "Mwajuaje ya kuwa huyu alikuwa mtoto?" Watoto huanza kutazama. Mmoja atasema ni kwa sababu ya ufupi. Lakini hakuwa mfupi, kwa kuwa urefu wake ulikuwa karibu sentimita 160, naye angaliwapita wengi wa hao waliosimama pale. Mwingine atasema meno. Huyo amekaribia sana, maana meno ya utu uzima yalikuwa hayajatoka yote; na mtoto wa miaka kumi, ambaye ulimi wake bado hucheza na pengo, ajua habari za meno kuliko mwalimu wake. Tena ncha za mifupa mirefu zilikuwa hazijashikamana na mifupa yenyewe, kama zilivyo za ndama, na mtoto wa jirani na bucha aweza kuwa ameliona jambo hilo kwa macho yake bila kujua ya kuwa ni jambo la maana.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini kujisumbua hivyo, na hali maelezo yameandikwa ukutani? Aliyesoma maandishi ya ukutani amepokea habari. Aliyefikiri kwa meno na kwa mifupa amejua jinsi habari yenyewe ilivyopatikana, na kesho akiletewa habari nyingine, iwe ya kweli au ya uongo, atauliza imepatikanaje. Kamoya Kimeu mwenyewe hakukaa sana shuleni. Katika mwaka wa 1960 alikwenda Olduvai, katika Tanganyika, kufanya kazi ya uchimbaji kwa Dk. Louis Leakey na mkewe Mary, akajifunza mifupa kwa kuishika na kuilinganisha, hata akawa hodari kuliko watu wenye shahada. Katika mwaka wa 1985 alipewa nishani ya National Geographic Society na Rais Ronald Reagan, katika Ikulu ya Marekani. Alifariki mwaka wa 2022. Watoto wa Kibera na Kawangware wanastahili kusikia jina lake likitajwa lote. Ni kasoro kubwa kiongozi akisema tu ya kuwa "wataalamu waligundua", maana mtoto husikia "wataalamu" akadhani ni watu wa nchi nyingine.

Yule ndovu naye, ambaye kila mtoto humtaja, ana habari zake. Ni sanamu ya Ahmed wa Marsabit, iliyosimama uani kwa ukubwa wake halisi. Ahmed alikuwa na pembe ndefu mno, na kwa ajili ya hizo wawindaji wangalimwua; basi katika mwaka wa 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ya kumlinda, akawekewa askari wa kumchunga mchana na usiku, hata akafa kwa uzee wake katika mwaka wa 1974. Kiongozi mwenye kamba ndefu huwapa watoto wampime, pembe kwanza, kisha kimo, kisha huwaambia wailaze kamba ile chini na wasimame juu yake, waone ni watoto wangapi. Hesabu hiyo haihitaji ubao. Baadaye waweza kuulizwa kwa nini ndovu mmoja alilindwa kwa amri na wengine hawakulindwa hivyo, na hapo kiongozi anyamaze awasikilize.

Hatua chache kutoka jumba kubwa kuna bustani ya nyoka. Hapo kazi huwa ngumu zaidi, kwa sababu watoto hawaji mikono mitupu. Huja na mambo waliyoambiwa nyumbani, na baadhi ya mambo hayo yaweza kuua. Kibera imepakana na msitu wa Ngong Road, na watoto wengi wa Kibera na Kawangware wakati wa likizo husafiri kwenda kwa babu zao, Kitui au Siaya au Busia, ambako nyoka si hadithi. Mtoto atamwambia kiongozi bila kusita ya kuwa kila nyoka ana sumu. Ya kuwa mtu akiumwa lazima pachanjwe kwa wembe na damu ifyonzwe. Ya kuwa mguu ufungwe kamba kwa nguvu. Ya kuwa liko jiwe jeusi linyonyalo sumu yote.

Kiongozi mpumbavu huwacheka. Kiongozi mjuzi huwauliza ni nani aliyewaambia, kwa heshima, maana huenda aliyewaambia ni bibi yao. Kisha huwaonyesha chatu, ambaye hana sumu, naye huua kwa kukaza. Na koboko, ambaye ana sumu kali lakini akisikia watu hukimbia akipata njia. Na kifutu, ambaye wengine humwita bafe. Huyu wa tatu ndiye wa kutazamwa kwa muda. Mwili wake mnene una rangi ya majani makavu, naye hakimbii. Hulala kimya njiani akitumaini hataonekana, na mtu humkanyaga. Watoto wakiambiwa wamtafute katika kizimba chake wakachelewa kumwona, wameelewa bila hotuba kwa nini huuma watu wengi, na kwa nini mtu hatembei usiku shambani bila taa na viatu.

Baada ya hapo mafundisho ya matibabu hushika. Aliyeumwa atulizwe, asitembezwe wala asikimbizwe. Mguu au mkono ulioumwa usichezeshwe, na pete na bangili zivuliwe kabla ya uvimbe. Asichanjwe, asifyonzwe, asifungwe kamba ya kukaza, asiwekewe jiwe. Apelekwe hospitali upesi penye dawa ya sumu ya nyoka. Katika mwaka wa 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa, na wengi wanaodhurika ni wakulima na watoto. Mtoto mmoja akirudi na maneno hayo matano au sita, akayasema kwa babu yake huko Kitui, safari yote imelipa gharama yake, hata kama amesahau majina yote ya ndege.

Kuna jambo lingine ambalo makumbusho ya nchi jirani yalilianza zamani. Katika Makumbusho ya Uganda, Kampala, yaliyohamia jumba lake la Kitante katika mwaka wa 1954, Dk. Klaus Wachsmann aliyeyasimamia miaka hiyo alikusanya ngoma, vinubi, zeze, filimbi na malimba, naye hakutaka vifungiwe tu ndani ya vioo. Alitaka vipigwe, na watu waliojua kuvipiga waliitwa wavipige mbele ya wageni. Katika Dar es Salaam, Kijiji cha Makumbusho kilichofunguliwa mwaka wa 1967 kina nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa miti, udongo na nyasi, ambazo mtu huingia akainama mlangoni kama wenyewe walivyoinama. Mkono, sikio na mgongo navyo hujifunza. Kwa hiyo kiongozi wa Nairobi hutafuta vitu ambavyo haviharibiki kwa kushikwa, kibuyu, kigoda, jiwe la kusagia, akavitenga na vile visivyoguswa. Na kwa watoto wa Kibera aweza hata kuomba wenyewe walete kitu. Kawa za rangi zisukwazo na akina mama wa Kinubi huko Makina ni kazi nzuri isiyopungukiwa na chochote kilichomo kabatini. Mtoto aliyemwona nyanya yake akiisuka kawa, akaiweka mezani katika makumbusho na kueleza mwenyewe jinsi rangi zinavyofuatana, siku hiyo yeye ndiye mwalimu.

Katika jambo hili la kuwaheshimu watoto, jina lenyewe la Soweto lina somo. Kijiji kimechukua jina la mji mkubwa wa Waafrika ulio kando ya Johannesburg, Afrika ya Kusini. Huko, tarehe 16 Juni, 1976, wanafunzi waliandamana kukataa kulazimishwa kusoma kwa lugha ya Kiafrikana, polisi wakawapiga risasi. Miongoni mwa waliokufa alikuwa kijana mdogo Hector Pieterson. Tarehe hiyo ndiyo iliyofanywa Siku ya Mtoto wa Afrika na Umoja wa Nchi Huru za Afrika katika mwaka wa 1991, na katika mwaka wa 2002 yalifunguliwa huko Orlando West, ndani ya Soweto yenyewe, makumbusho yaliyopewa jina la mtoto huyo. Watoto wengi wa Soweto West ya Nairobi hutaja jina la kijiji chao kila siku. Kiongozi awapokeapo aweza kuanza na habari hiyo hata kabla ya kuvuka kizingiti, kwamba ipo nyumba ya makumbusho mahali pengine ambayo haikujengwa kwa ajili ya ndege wala wafalme, ila kwa ajili ya wanafunzi. Na kwa kuwa watoto wale wa mwaka wa 1976 waligombania lugha, kiongozi asijifungie katika Kiingereza kitupu. Swali liulizwe kwa Kiswahili, na mtoto ajibu kwa lugha aliyo nayo; neno la kitaalamu litafuata likishapata mahali pa kukaa.

Iko hatari moja ambayo husemwa mara chache. Viongozi wengine, kwa wema wa moyo, huwapokea watoto wa vijiji hivi kwa huruma. Huwauliza mbele ya wageni wengine kama kwao kuna maji, au hupunguza somo wakidhani ya kuwa hawataelewa. Mtoto huitambua huruma upesi kuliko mtu mzima, naye hujikunja. Asiye na viatu vizima husogea nyuma, na akikaa nyuma hasikii. Kiongozi amweke mbele bila kusema neno, ampe kamba ashike, basi. Somo lake lisiwe rahisi kuliko lile apewalo mtoto wa shule ya gharama kubwa aliyekuja kwa basi la rangi ya manjano saa moja kabla yake.

Sasa habari za gharama na matengenezo. Shule za serikali katika Kibera ni chache na ziko zaidi pembeni, kwa hiyo watoto wengi husoma katika shule za mabati zilizoanzishwa na makanisa, vikundi na watu binafsi, ambazo hazina basi wala akiba. Kiingilio cha mwanafunzi ni kidogo kuliko cha mtu mzima, nacho siku hizi hulipwa kwa njia ya eCitizen wala si kwa fedha mkononi. Kwa hiyo mwalimu afanye malipo mapema, asije akasimama mlangoni na watoto arobaini na simu isiyo na chaji. Nauli ndiyo iumizayo. Matatu ya kukodi kwenda na kurudi hushinda kiingilio, na kupanda matatu za kawaida huwalazimu kubadilisha mjini na kuvuka barabara na kundi la watoto. Shule nyingine hugawana gari moja kwa zamu, asubuhi hii na alasiri ile, na mpango huo ni mzuri, kwa sababu unalazimisha makundi kuwa madogo. Watoto kumi na watano kwa kiongozi mmoja waweza kuuliza maswali. Sitini hawawezi kufanya lolote ila kuhesabiwa.

Mwalimu wa darasa asiache kazi yote kwa kiongozi. Yapasa aandike barua kwa idara ya elimu ya makumbusho mapema, aseme watoto ni wangapi, ni wa darasa gani, na wanasoma nini muhula huo. Mtaala mpya, ulioanza kufundishwa kote nchini Januari, 2019, kwa madarasa ya chini, wataka mtoto ajifunze kwa kutenda na kuona, kwa hiyo safari kama hiyo ni sehemu ya kazi, si tafrija. Ikiwezekana aende yeye mwenyewe kwanza, siku ya pekee, achague kumbi mbili. Mbili zatosha. Walimu wengi huona ni hasara kulipa nauli na kuacha kumbi nyingine bila kuzitazama, hivyo huwapitisha watoto kila mahali kwa saa mbili, na mwisho wake ni lile jibu la ndovu. Watoto wale chakula kabla ya kuingia au wapewe mahali pa kula, maana mwenye njaa hutazama saa. Kalamu za risasi zatosha; na karatasi isiwe ya maswali ishirini ya kujaza, ila iwe tupu, wachore kitu kimoja walichokitazama kwa muda.

Wakirudi Soweto West, au Kawangware, kazi haijaisha. Meza moja pembeni mwa darasa, hata ubao juu ya matofali mawili, yaweza kuwa makumbusho yao. Hapo mtoto huweka mfupa wa bucha uliosafishwa, shanga, msumari wa zamani wa reli ipitayo Kibera ikiwa umepatikana kwa halali, yai la ndege lililovunjika, au kipande cha chungu kilichofukuliwa mtaroni. Kila kitu kiandikiwe karatasi ndogo: ni nini, kimeokotwa wapi, siku gani, na nani. Mtoto atakayeandika "nimepata njia" atarudishwa aandike ni njia gani, maana mfupa usiojulikana ulikookotwa hauna faida kwa mtu yeyote, nayo ndiyo kanuni waliyofuata watafutaji wa Nariokotome. Na kila safari huacha maswali ambayo kiongozi hakuyamaliza, kama vile chatu asiye na sumu ana meno ya nini, au kwa nini mvulana yule alikufa angali mdogo. Mwalimu ayakusanye katika karatasi moja kwa mwandiko wa watoto wenyewe, aipeleke kwa ofisa wa elimu kule kilimani, na ajibu litakapofika lisomwe kwa sauti mbele ya meza ile.